Kamera Mpya ya Mochwari

Kamera ilisukuma lenzi yake mbele, ikairudisha nyuma, ikaisukuma tena, krii, krii, kama mzee anayepapasa miwani gizani. Kisha ikakata tamaa na kupiga hivyo hivyo. Mwanga wa flashi ukakijaza chumba na kupotea.

"Imeshika?" aliuliza Mzee Barafu, mhudumu wa mochwari, aliyekuwa ameshikilia rula kando ya kichwa cha marehemu.

Mpiga picha alitazama kioo cha nyuma ya kamera. Uso ulikuwa mweupe kama sahani. Macho mawili, matundu mawili ya pua, basi. Angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

"Haijashika."

"Turudie?"

"Tukirudia mpaka jioni, Mzee, itakuwa hivi hivi."

Alirudia hata hivyo. Safari hii alifunika flashi kwa kipande cha bendeji ili kupunguza ukali wake, na picha ikatoka na giza, pua imehama mahali pake. Kifuniko cha betri kilifunguka. Alikirudisha, akakikaza tena kwa plasta ya vidonda, ambayo ndiyo ilikuwa ikishikilia kamera ile tangu mwaka uliopita.

Hospitalini walimwita Dada Picha. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha marehemu wasio na wenyewe: waliookotwa barabarani, waliodondoka kwenye majengo, waliokufa wodini bila mtu wa kushika mkono wao. Picha zilibandikwa kwenye albamu iliyokaa koridoni, na ndugu waliopotelewa na mtu wao walikuja kuifunua. Kufunua albamu kulikuwa bure. Lakini ukisema, "Nadhani ni huyu," ulipelekwa dirisha la malipo, ukalipa ada, ndipo droo ya jokofu ikafunguliwa uone kwa macho yako. Kama siye, ulisema asante, ukalipa tena kwa droo nyingine. Simu zenye kamera zilibaki kwa mlinzi wa getini, za wafanyakazi pia, tangu picha ya marehemu mmoja ilipovuja mitandaoni. Waliokosa wenyewe mpaka muda wao ukaisha walichukuliwa na lori la manispaa, wakazikwa pamoja.

Lori lingekuja kesho alfajiri.

Alipotokea koridoni alimkuta mama mmoja kwenye benchi, albamu mapajani. Alikuwa mfua nguo wa kwenye nyumba za watu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kwa sabuni. Alikuwa anamtafuta kitinda mimba wake, kibarua wa ujenzi, aliyeaga kwenda kazini na hakurudi.

"Mwanangu, njoo unisaidie kutazama," alisema. "Huyu hapa, na huyu, na huyu. Hawa si mtu mmoja?"

"Hapana, mama. Ni watu watatu."

"Mbona wamefanana hivi?"

"Ni kamera, mama. Wao hawakufanana."

Mama akarudi kwenye ukurasa wa kwanza na kuinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hana alama yoyote?" Mpiga picha aliuliza kwa sauti ya chini. "Kovu, jino, kidole? Niambie, nitakuangalizia mwenyewe."

Mama alifikiri. Ilionekana anapita mwili mzima wa mwanawe, toka utosini mpaka unyayoni.

"Hana," alisema mwisho. "Nilimlea asipate alama."

"Na picha?"

"Zote zilikuwa kwenye simu yake." Aligusa fundo la leso lililokuwa kifuani. "Nina ada ya droo moja. Niliyemfulia amenipa nusu, amesema nyingine nirudi wiki ijayo. Sasa nikichagua nikakosea?"

"Usichague sasa, mama. Leo tunakwenda kununua kamera mpya. Nikirudi nitawapiga wote upya. Utamwona kama unavyoniona mimi."

Maneno yalipomtoka tu alitamani kuyarudisha, maana katika jengo lile ahadi haikuwa mali yake ya kumpa mtu. Lakini mama alikwishafunga albamu na kuiweka pembeni, taratibu, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake atapona.

*

Afisa Ununuzi alikuwa garini akipiga honi. Jina lake la hospitali lilikuwa Profoma, kwa sababu hata ukimwomba kalamu angekuambia ulete kwanza profoma ya bei.

"Dada Picha, leo umeokota dodo!" alisema. "Mwaka wa fedha unafungwa leo leo. Pesa isipotumika inarudi Hazina, na ikirudi Hazina ni jiwe limetumbukia kisimani."

"Ndiyo, bosi."

"Umeshajua unachotaka?"

Alijua. Jumamosi kadhaa alizunguka maduka kwa miguu, akauliza, akapunguza hapa, akaongeza pale. Kamera yenyewe isiwe toleo la mwaka huu. La mwaka juzi lilitosha. Kilichohitajika ni lenzi fupi ya kuona karibu, ile wanayopigia wadudu na pete, pamoja na flashi ya duara inayovaa mdomoni mwa lenzi kama ukosi, isiyochoma uso wala kuacha kivuli. Betri mbili, kadi ya kumbukumbu, chaja. Begi la nini? Angebebea kwenye mfuko wa kitambaa. Vyote vilitosha kwenye bajeti, na masalio yalitosha karatasi nzuri za kuchapia. Aliyaeleza yote hayo haraka haraka, akitazama magoti yake, na alipoinua macho alimkuta Profoma amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo.

Alikuwa na chunusi nyeusi chini ya jicho la kulia. Jino la mbele lilikuwa limemegeka pembeni. Sikio lilikuwa na tundu dogo lililozibika, la utotoni.

Aligeuza uso dirishani. Hakuwa amekusudia kuangalia. Ulikuwa ugonjwa uliomwanza miezi michache iliyopita: kila mtu aliyekaa naye karibu, alimhifadhi. Mwalimu wa jirani, mpangaji mwenzake, kondakta aliyemrudishia chenji. Alijua kovu la kila mmoja, kwa ajili ya siku atakayoulizwa.

Ulianza na fundi seremala.

Mpiga picha alilelewa studioni kwa shangazi yake, kabla simu hazijaua studio na chumba chake hakijawa kibanda cha miamala. Shangazi alimfundisha jambo moja kuliko yote: kila uso una upande wake mzuri, na kazi ya mpiga picha ni kuutafuta. Alipoanza kazi mochwari alikwenda na mafunzo hayo. Aliwachana nywele. Aliwafumba midomo. Kijana mmoja alikuwa na kovu la kuungua lililotambaa toka shavuni hadi shingoni, naye kwa huruma alimgeuza kichwa, akampiga upande ule mwingine, laini, kana kwamba amelala tu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote katika albamu.

Fundi seremala alikuja kumtafuta mwanawe. Alifunua albamu mara mbili, akatikisa kichwa, akaenda zake. Alirudi lori likiwa limekwishapita, na picha ya shule mkononi: kijana anacheka, kovu lote nje, linang'aa. Hakupiga kelele. Alimwuliza neno moja tu.

"Kwa nini ulimgeuza?"

Mpiga picha alilisikia anapopiga mswaki. Alilisikia maji yanapochemka. Wakati mwingine alimsikia anayeuliza si yule fundi, bali kijana mwenyewe, kwa sauti ya mtu asiye na kinyongo, anayetaka tu kujua.

*

Duka la kamera lilikuwa na kiyoyozi na vioo kila upande. Muuzaji, jamaa aliyejipulizia manukato mpaka yakamtangulia kuwafikia wateja, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni sana, wateja wangu wa nguvu! Bosi mkubwa yuko ndani, anakusubiri," alimwambia Profoma, naye Profoma akapita moja kwa moja mlango wa nyuma kama mtu anayeingia kwake.

Mpiga picha alitaja alichokitaka. Muuzaji alimtazama upya.

"Eh! Dada unaijua kazi. Wengi wakija hapa wanauliza ipi ina megapikseli nyingi, basi." Alitoa kamera kabatini, akafunga lenzi fupi, akavalisha flashi ya duara. "Jaribu. Piga chochote."

"Naomba ulaze kichwa hapa."

"Wapi?"

"Hapa juu ya meza. Kisha ufumbe macho."

"Ukinibusu nitapiga kelele," alisema muuzaji akicheka, lakini alilaza shavu kwenye kioo cha meza na kufumba macho. Kope zilimchezacheza kwa kicheko.

"Usicheke. Legeza mdomo."

Aliulegeza. Mpiga picha alisogea hadi akakaribia kumgusa. Kamera ilishika papo hapo bila mlio. Flashi ikawaka kama pumzi, bila kuumiza.

Hii ndiyo ilikuwa kamera yenyewe. Kwenye kioo chake kila ukope ulisimama peke yake. Vipele vya wembe shingoni, mkunjo wa nyuma ya sikio, kidoa cha wino kwenye kidevu. Hata mama asiye na alama ya kutaja angemjua mwanawe hapo. Mpiga picha alihisi kifua kinafunguka, kitu ambacho hakikumtokea siku nyingi.

"Hebu nione," alisema muuzaji. Alitazama. Kicheko kilimwishia usoni polepole.

"Ifute hiyo, dada."

"Ina nini?"

"Nimekaa kama... Ifute tu, tafadhali." Alipoona imefutwa akajifuta shavu kwa kiganja. "Kwani mnakwenda kupigia nini?"

"Niko mochwari."

Muuzaji aliondoa mkono wake mezani. Kisha, kana kwamba ameona haya, akaurudisha.

Profoma alitoka mlango wa nyuma na mwenye duka, wote wawili wakitabasamu. Mkononi alikuwa na profoma iliyokwishapigwa muhuri. Tarehe yake ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Haya, tumemaliza. Hesabu imekaa sawa na bajeti, haijazidi hata thumni," alisema. Mwenye duka akaweka mezani mzigo wenyewe: kamera kubwa nyeusi, lenzi ndefu ya kuvuta yenye urefu wa mkono wa mtoto, miguu mitatu ya kusimamishia na begi la mifuko kumi na kitu. Juu yake aliweka kofia ya duka, zawadi.

Mpiga picha alisoma bei. Begi peke yake lilikuwa na thamani ya lenzi fupi. Hakuhitaji kuambiwa cha juu cha Profoma kimekaa wapi.

"Bosi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaisafisha. "Bosi, lenzi hii haioni karibu. Inamtaka mtu akae mbali. Na chumba chetu ni chembamba, ukisimama mgongo unagusa jokofu."

"Mkurugenzi ana uzinduzi wa wodi mwezi ujao. Anataka picha zenye hadhi, za kutoka mbali. Kamera ni ya hospitali, dada, si ya mochwari. Maiti hawana haraka."

"Ndugu zao wana haraka. Hawawatambui kwenye albamu."

"Si wanafunguliwa droo?"

"Kwa kulipa, bosi. Moja moja."

Profoma alimtazama kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Ndiyo maana yake sasa. Albamu ikiwa safi sana, nani atapita dirishani? Idara yenu haiombi dawa, haiombi chakula, na kila mwezi inaleta. Usiikaushe."

"Kwa pesa hii hii," muuzaji alinong'ona, "ile ya dada ingetosha, tena na..."

Mwenye duka alimgeukia. Muuzaji akachukua kitambaa na kuanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Sahihi hapa," Profoma alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Mtumiaji ameridhika. Usiposaini, pesa inarudi, na utaendelea na ile yako ya plasta. Uamuzi ni wako, sikulazimishi."

Alifikiria yule mama na albamu aliyoiweka pembeni. Labda lenzi hii haiwezi kuwa mbaya kuliko ile. Labda akibana mgongo ukutani, akipinda kidogo. Alisaini, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine.

*

Walirudi jioni inaingia, maana Profoma alipitia kwanza chakula, kisha mihuri. Benchi la koridoni lilikuwa limejaa. Habari za lori huwa zinatembea zenyewe. Mama mfua nguo alisimama alipoiona kamera mpya, akasema tu, "Afadhali," akakaa tena.

Ndani, Mzee Barafu alimwangalia akifunga lenzi.

"Hiyo ni kamera au bomba la maji?"

"Vuta droo, Mzee."

Alijaribu. Kwenye kioo palikuwa na ukungu tu, rangi ya udongo. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa jokofu lenye ubaridi. Ukungu. Alipanda juu ya sinki, kichwa kikigusa dari. Ukungu ukawa na pua, kisha ukaipoteza. Alishuka. Alisimama ameikumbatia kamera kifuani, akiwahesabia watu wa nje ada ya droo moja moja.

Kisha alitazama mlango. Ng'ambo yake korido ilikwenda ndefu, pana, yenye taa mbili nzima.

"Mzee, waweke kwenye vitoroli. Tuwatoe koridoni."

"Koridoni kuna watu."

"Ndiyo."

Mzee Barafu alimtazama, kisha akatazama lenzi. Kitu kilimcheza kwenye pembe ya mdomo. "Kamera ya serikali inataka nafasi," alisema. "Sisi ni nani tuikatalie?"

Kitoroli cha kwanza kilipotoka watu waliinuka benchini wote pamoja, kama wanaoitikia sala. Mtu mmoja alivua kofia. Mpiga picha alikwenda hadi mwisho wa korido, penye ndoo za mchanga, akainua lenzi. Kutoka kule mbali uso ulimjia na kujaza dirisha lote, kope, mkunjo wa shavu, kila kitu. Ikashika. Alipiga mbele, akapiga kushoto, akapiga kulia. Lakini hakuna aliyekuwa akimtazama yeye wala picha zake. Walikuwa wanatazama kitoroli.

Mama mfua nguo alisogea karibu kuliko wote. "Siye," alisema. "Siye, lakini huyu naye ni mtoto wa mtu. Mleteni mwingine."

Mzee Barafu alileta mwingine. Mwanamke fulani akaanza kulia kabla kitoroli hakijasimama.

"Nini hiki?" Profoma alikuja mbio toka ofisini, tai imerukia begani. "Nani ameruhusu? Funika! Watu wote hawa wanaona bure!"

"Ni kamera, bosi," mpiga picha alisema toka mwisho wa korido. Ilibidi apaze sauti, naye hakuwa na mazoea. "Haioni karibu."

"Rudisha ndani! Mzee, husikii?"

"Masikio yangu yameingia barafu," alisema Mzee, akaingia kumchukua mwingine.

Kitoroli kiliposimama, mama mfua nguo alikisogelea. Aliinama. Kwa vidole viwili vilivyokunjamana alilaza nyusi za kijana, upande mmoja na wa pili, kama mtu anayemtengeneza mtoto kabla hajatoka nyumbani. Alizishikilia pale kwa muda. Kisha akafungua fundo la leso, akahesabu kwa midomo, na akamgeukia Profoma, kwa kuwa yeye ndiye aliyevaa tai.

"Baba, huyu ndiye. Nalipia wapi?"

Korido yote ilimtazama Profoma. Alivuta tai yake ikarudi mahali pake.

"Dirisha limeshafungwa, mama. Utarudi kesho, saa za kazi."

"Kesho lori linakuja kabla ya saa za kazi," alisema Mzee Barafu.

"Utaratibu ni utaratibu. Sikuutunga mimi. Rudisheni ndani tufunge."

Mama alibaki amenyoosha mkono wenye pesa. Hakuna aliyeipokea, wala yeye hakuirudisha kifuani.

Mpiga picha alitembea urefu wote wa korido, kamera ikimgonga tumboni. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu ya kutazamwa na watu wengi namna ile. Alipofika kwenye kitoroli alipapasa kwa mguu chini ya gurudumu, akaikuta breki, akaikanyaga mpaka ikalia, kitoroli kisirudishwe ndani.

Upande wa pili, Mzee Barafu akakanyaga ya kwake.